Gome la muthiga: kuomba na kubambua bila kuua mti

Swali la jinsi ya kuchukua gome la muthiga bila kuua mti limeulizwa mara nyingi mno, kwa hiyo nalijibu mara moja. Nazungumzia mti wa muthiga, ule Wamaasai wanaouita osokonoi, ambao gome lake huchemshwa kwa kifua na kutafunwa kwa jino.

1. Ruhusa ya mwenye shamba. Bila hiyo, rudi nyumbani.

2. Zungusha kamba kwenye shina, usawa wa kifua. Mzingo usipofika mita 1, uache ukue.

3. Nenda asubuhi na mapema, msimu wa mvua. Jua la Januari hukausha jeraha kabla hujafika stejini.

4. Omba. Vua viatu, mwaga maziwa au maji kidogo shinani, useme kwa sauti unamchukulia nani na unataka kiasi gani. Usiruke hatua hii. Ukishatamka "vipande viwili", mkono wako una mpaka.

5. Kubambua. Hapa niliwahi kukosea na mti ukafa, soma polepole. Chora kwa ncha ya kisu mstatili wa upana wa kiganja na urefu wa dhiraa. Kisu kikigusa ugumu wa mti, koma. Ingiza kijiti kilichochongwa bapa, inua gome taratibu. Chini yake kuna ute unaoteleza, na gome jipya huzaliwa humo: usiuguse kwa kidole, usiupanguse, usiukwangue hata ukiona nyuzi zimebaki. Kipande cha pili kitoke upande wa pili wa shina, basi.

ONYO: usibambue gome kuzunguka shina lote. Chakula cha majani hushukia mizizini kupitia gome. Ukilikata mduara mzima, mizizi hufa njaa huku majani yakibaki kijani kwa miezi, nawe ukidhani mti u salama.

ONYO: usiurudie mti huo mpaka jeraha lifunge lote.

6. Anika gome kivulini, juu ya mkeka. Likikatika kwa mlio, limekauka. Ukilifungia kwenye nailoni mapema, litaota ukungu.

MASWALI

Swali: Karura imejaa miti. Nani ataniona?
Jibu: Rudia hatua ya 1. Huo ni msitu wa serikali jijini Nairobi, na bila kibali cha KFS (Shirika la Huduma za Misitu Kenya) ni kosa.

Swali: Kilo ni pesa ngapi?
Jibu: Siuzi.

Swali: Samahani mzee, mimi si Mkikuyu. Niombe kwa lugha gani?
Jibu: Lugha yako, dada. Mwislamu aanze na Bismillahi, Mkristo aombe anavyoomba. Taja mgonjwa, taja kiasi, kisha nyamaza kidogo kabla ya kugusa kisu. Na kama ni kikohozi tu, jaribu majani kwanza: yana ukali uleule wa pilipili na mti haupati jeraha.

Swali: Mugumo nao hubambuliwa hivyo?
Jibu: Mugumo, mti wa jamii ya mkuyu, uache. Chini yake wazee wa Agikuyu waliomba wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Hata ule wa Waiyaki Way, Nairobi, uliachwa mwaka 2020 barabara ilipojengwa.

Swali: Kumbe majani ni makali? Yanafaa kwenye mchuzi?
Jibu: Sana. Jani moja au mawili kwa sufuria, uyatoe kabla ya kupakua.

Swali: Nikitaka kuotesha wangu?
Jibu: Vizuri sana! Okota matunda yaliyoiva, osha mbegu, panda siku hiyohiyo au kesho yake. Usizianike juani, mbegu ya muthiga ikikauka sana huenda isiote.