Usingizi wa usiku huanza asubuhi

Wengi wanaonijia kwa shida ya usingizi huuliza wafanye nini wakishapanda kitandani. Mimi kwanza huwauliza huamka saa ngapi. Nimefanya kazi ya uuguzi hapa Tanga miaka mingi, zamu za usiku zikiwemo, na ushauri wangu wa kwanza ni uleule: chagua saa maalumu ya kuamka uishike kila siku, Jumapili na sikukuu pia, hata kama usiku ulikesha. Ukifidia kwa kulala mpaka saa 4 asubuhi, jioni yake mwili utakuwa haujachoka vya kutosha, na utakesha tena.

Kwetu jua huchomoza takriban kati ya saa 12:00 na saa 12:35 asubuhi mwaka mzima. Basi litoke likukute nje: fagia uwanja, tembea mpaka sokoni, kunywa uji kibarazani. Mwanga wa asubuhi ndio unaoupa mwili majira yake, ili giza likiingia uanze wenyewe kutoa melatonini, homoni inayoandaa usingizi.

Kahawa sasa. Najua inauma, maana kahawa chungu na kashata ndiyo baraza yenyewe. Lakini kafeini haitoki upesi. Kwa mtu mzima, nusu yake huwa bado imo mwilini baada ya muda wa saa 5 hivi, na kwa wengine zaidi. Ukinywa saa 2 usiku, saa 7 usiku nusu ingali inafanya kazi. Kikombe cha mwisho kiwe cha mchana. Chai ya rangi nayo ina kafeini, ingawa pungufu, kwa hiyo jioni chemsha mchaichai au tangawizi bila majani ya chai. Barazani usiache kwenda, watu unawahitaji. Mirungi hukesha na wewe. Pombe hulaza mapema, kisha hukuamsha usiku wa manane.

Joto la Januari na Februari ni mtihani, kwa sababu mwili hulala vizuri joto lake la ndani linaposhuka kidogo. Oga maji ya vuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala. Wengi hukimbilia maji ya baridi sana, ila ya vuguvugu huvuta damu kwenye ngozi na joto hutoka. Umeme ukikatika na feni ikasimama, lowesha kanga, ikamue, ujifunike miguuni. Chandarua usikivue kwa sababu ya joto, nakuomba. Tafuta kikubwa, kining'inie mbali na mwili.

Kitandani penyewe, panda ukiwa unasinzia, si kwa kuwa saa imefika. Ukiona umekaa macho kama dakika 20, kwa kukadiria tu bila kutazama saa, ondoka. Kaa kitini kwenye mwanga hafifu, vuta tasbihi, shona, soma kitu kisicho na haraka, urudi ukisinzia. Kama mnalala wengi chumba kimoja, mkeka pembeni unatosha. Lengo ni kitanda kisizoeleke kuwa mahali pa kuhangaikia. Simu ilale mbali nawe. Na ikiwa kinachokukesheza ni ada ya shule au kodi ya nyumba, chukua daftari mapema jioni, andika jambo lenyewe na hatua moja utakayochukua kesho. Deni halitapungua, lakini halitahitaji kukumbukwa saa 8 usiku.

Dawa za kujinunulia siziafiki kabisa. Piritoni ni ya mzio. Mwili huzoea ule usingizi wake, asubuhi unabaki mzito, na wazee huweza kuchanganyikiwa na kuanguka. Diazepamu, dawa ya kutuliza, bila kuandikiwa na daktari ni hatari zaidi, kwani kuiacha ni kazi ngumu.

Njoo kituoni ikiwa unakosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki, na imefika miezi 3. Njoo mapema kuliko hapo ukiambiwa unakoroma na pumzi hukatika, au ukiamka mara kwa mara kukojoa, tupime sukari. Na kama usingizi umeondoka pamoja na hamu ya kula na ya kuishi, usingoje hata wiki. Njoo leo, na mtu unayemwamini akusindikize.