Kabla ya kugonga ringi ya shule
Walimu wenzangu wa Goma, tangu mapigano ya Januari 2025 kuna watoto wanaoruka hata upepo ukibamiza mlango. Na kengele ya shule nyingi huku ni ringi ya gari inayogongwa kwa chuma! Tangazeni kwanza darasani: "Kengele inalia sasa hivi." Anayeshtuka zaidi, akitaka, apewe yeye kazi ya kuigonga, mlio unaoutoa kwa mkono wako haukushtui vile.

Akiganda au akitetemeka, "jikaze" haisaidii kitu. Usimuulize aliona nini, hasa mbele ya wenzake. Inama usawa wa macho yake, mwite jina, akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, kisha ataje vitu vitano anavyoviona: ubao, chaki, dirisha, chochote. Pumzi aitoe polepole kuliko anavyoivuta. Mkalishe karibu na mlango, ajue anaweza kutoka, ila mlango usiachwe ubamizwe na upepo.

Majuma yakipita halali vizuri, hachezi, zungumza na wazazi, aende kituo cha afya. Akisema amechoka kuishi, usingoje: muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, na usimwache peke yake. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.