Kumpa kijana wa jirani kazi ya uani: mambo ya kupanga kabla hajaumia

Masika yakianza, ukoka wa Tanga hausubiri mtu. Wiki mbili tu za mvua na njia ya kutoka getini hadi barazani haionekani. Hapo ndipo kijana wa nyumba ya pili anapopiga hodi: “Shikamoo mama, nikufyekee?” Unaitikia marahaba, unamwonyesha fyekeo lilipo, unarudi jikoni.

Nimetunza bustani za watu hapa mjini kwa miaka 15, nyingi zikiwa Raskazone na Chumbageni, na kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Nilimpa kijana wa miaka 15 panga akate makuti yaliyoanguka, kisha nikaingia ndani kupokea simu. Kuti lilikuwa limelowa, panga likateleza, likamwingia kwenye muundi. Alishonwa nyuzi tisa. Gharama nililipa, na mama yake hakunidai hata senti. Aliniambia neno moja tu: “Dada, wewe ulijua mwanangu ameshika panga. Mimi sikujua. Mbona hukuniuliza?” Tangu siku hiyo nafuata utaratibu huu, na kila mwenye bustani ninayoisimamia namtaka aufuate.

Hatua ya 1: Jua umri wake kwa uhakika

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 5, inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefikisha 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, ile isiyodhuru afya na makuzi yake wala kumkosesha masomo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema hivyo hivyo, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

Watu wengi hawajui kwamba ukibishaniwa umri, mzigo wa kuthibitisha ni wako. Wewe ndiye utakayeeleza ulichunguza nini hata ukaamini kwamba ametimiza umri. “Alikuwa mrefu” haitoshi. Muulize mzazi, omba kuona cheti cha kuzaliwa, andika tarehe. Vijana wa pwani wengine wana kimo cha baba zao na bado wapo darasa la sita.

Hatua ya 2: Gawa kazi kabla hajashika chombo

Hii ndiyo hatua inayobeba mwongozo wote, kwa hiyo usiiharakishe. Zunguka ua mzima peke yako ukiwa na karatasi. Kila unachokiona kiingie upande mmoja kati ya miwili: anachoweza kufanya, na asichokigusa.

Upande wa kwanza nina haya: kufagia kwa ufagio wa chelewa, kukusanya majani kwa reki, kung’oa magugu kwenye vitalu vya maua, kumwagilia, kubeba takataka kwa toroli isiyojazwa mpaka juu, kupaka chokaa mawe ya mpakani. Fyekeo naliruhusu kwa aliyefikisha miaka 16, kwenye eneo la wazi nililolikagua, tena baada ya kumwona akilitumia mbele yangu.

Upande wa pili ni mrefu zaidi, na sheria iko nyuma yake: aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuwekwa kwenye mazingira ya hatari, hata kama kazi yenyewe si rasmi au ni ya kilimo.

Kwanza, mnazi. Kijana atakuambia mwenyewe, “Nikuangushie madafu?” Anajua kukwea, amekwea tangu utotoni, na wewe una kiu. Kataa. Shina lililolowa huteleza, na mtu akianguka kutoka kwenye kilele cha mnazi habaki na jeraha la kushona nyuzi tisa. Mwite mkwezi, mtu mzima anayeishi kwa kazi hiyo. Na kijana asikae chini ya mnazi wakati mkwezi yuko juu.

Pili, mashine ya kukatia majani, ya petroli au ya umeme. Kisu chake hurusha jiwe kama risasi. Tatu, dawa za wadudu na za magugu: asichanganye, asipulize, asioshe bomba. Nne, kupogoa tawi lolote lililo karibu na waya wa umeme. Hapo hata mtu mzima asiguse. Toa taarifa TANESCO. Tano, kuchoma majani. Sita, kufyeka kichaka kilichokaa miezi bila kuguswa, au kufanya kazi karibu na kisima kilichoachwa wazi. Kwenye vichaka vya aina hiyo nimekutana na swila mara mbili.

Panga nalo liko upande huu. Mnajua kwa nini.

Hatua ya 3: Nenda kwa mzazi, kwa miguu yako

Usitume ujumbe kwa simu, na usimtume kijana mwenyewe. Piga hodi. Mweleze mama au baba kazi ni ipi, vyombo gani atashika, saa ngapi ataanza na kumaliza, malipo ni kiasi gani, na wewe utakuwa wapi muda huo. Kisha uliza, na unyamaze usikilize: ana pumu? Anaanguka kifafa? Kuna dawa anayotumia? Amewahi kudungwa sindano ya pepopunda? Anaingia madrasa saa ngapi? Wengi tunakumbuka shule tu na kusahau kwamba kijana ana ratiba ya chuo jioni.

Kama mzazi anasita, acha. Usimbembeleze.

Hatua ya 4: Andika, lakini jua karatasi inafanya nini

Nimeona watu wakimsainisha mtoto maneno haya: “Nikiumia sitamdai mtu.” Karatasi hiyo haikukingi. Kwa Sheria ya Mikataba, mwenye uwezo wa kuingia mkataba ni aliyetimiza miaka 18. Na mzazi akisaini, uzembe wako haufutiki. Kama ulimpa chombo kibovu, au ulijua kuna shimo ukanyamaza, mahakama itakuuliza hayo.

Karatasi ina kazi nyingine: kuonyesha kwamba mlielewana nini. Yangu huwa fupi, kwa mfano huu:

“Mimi mzazi wa … (tarehe ya kuzaliwa …) nimekubali afanye usafi wa bustani nyumbani kwa … kila Jumamosi saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Atafagia, atang’oa magugu na kumwagilia. Hatakwea mti, hatatumia panga, mashine wala dawa. Malipo ni shilingi … kwa siku. Akiumia, mwenye nyumba atampeleka hospitali mara moja na kunipigia simu namba … Gharama ya matibabu ya jeraha la kazini italipwa na …”

Mstari wa mwisho usiuache wazi. Mimi hujaza jina la mwenye nyumba. Sainini nakala mbili, na mkiweza mjumbe wenu ashuhudie.

Kuhusu bima, usijifariji upesi. Bima ya lazima ya gari ni ya barabarani. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008, unahusu wafanyakazi wa waajiri, na kijana uliyemwita kupitia dirishani hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote. Kama nyumba yako ina bima, muulize wakala wako swali moja na akujibu kwa maandishi: mtu akiumia akinifanyia kazi uani, mnalipa? Ukikosa bima, tenga akiba. Mimi nina bahasha kabatini ambayo haiguswi kwa sababu nyingine yoyote.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Pita uani kabla yake. Okota chupa zilizovunjika, misumari, mabati. Funika shimo. Funga mbwa. Kagua mpini wa reki na fyekeo; mpini ukiwa unacheza, chombo hicho hakitoki stoo siku hiyo.

Mpe gambuti na glovu zinazomtosha. Kandambili haziingii kazini, hata akikuambia amezizoea. Maji ya kunywa yawe karibu, hasa kaskazi inapovuma Januari na Februari, maana joto la Tanga humwangusha mtu bila kelele. Mpumzishe kivulini kila baada ya nusu saa.

Kaa mahali unapomwona. Kama una safari ya sokoni, ahirisha kazi. Kijana asiingie ndani ya nyumba. Choo cha uani kinatosha, na chai inyweke barazani mbele za watu. Hilo linamlinda yeye, na linakulinda wewe kitu kikipotea.

Hatua ya 6: Akiumia

Kazi isimame. Jeraha linalovuja damu likandamize kwa kitambaa safi bila kuachia. Aliyeanguka akalalamika shingo au mgongo usimnyanyue, ita msaada. Aliyeumwa na nyoka atulie, kiungo kisitikiswe, usichanje wala usifunge kamba, mkimbize hospitali. Kidonda kidogo cha chombo chenye udongo nacho kikaonwe, kwa ajili ya pepopunda.

Mpigie mzazi mkiwa njiani, msingoje kufika. Kwa majeraha ya ajali huenda ukaulizwa PF3, fomu ya polisi. Mtu mmoja aifuatilie kituoni wakati mwingine amekaa na mgonjwa. Hifadhi risiti zote. Jioni hiyo hiyo andika kilichotokea, jinsi kilivyotokea, hata sehemu inayokuumbua. Kesho nenda kwao tena, mkono usiwe mtupu.

Hatua ya 7: Akiharibu mali ya mtu

Jiwe limepasua kioo cha gari la jirani? Kijana alikuwa kwenye kazi uliyomtuma, basi jirani ana haki ya kukufuata wewe. Nenda mwenyewe kabla hajaja, piga picha, kubalianeni bei na fundi mmoja. Mkishindwa kuelewana, anzieni kwa mwenyekiti wa mtaa. Usikate fedha hiyo kwenye malipo ya kijana.

Hatua ya 8: Malipo

Mlipe siku hiyo hiyo, kiasi kile kile mlichoandika, mkononi mwake, na mama yake ajue. Kisha hesabu vyombo akiwa bado yupo, virudishe stoo, ufunge, na ufunguo ukae nawe. Vijana hurudi jioni na wenzao kuchukua panga waende kwenye ule mnazi uliowakatalia asubuhi.