Kuandaa orodha ya majina ya wafadhili kwenye makumbusho ya sanaa ya chuo kikuu

Mdogo wangu mmoja ameajiriwa kwenye ofisi ya uchangishaji ya chuo kikuu huku Marekani, na kazi ya kwanza aliyokabidhiwa ni orodha ya sehemu za makumbusho ya sanaa zinazoweza kupewa majina ya wafadhili. Tumeifanya pamoja kwa simu. Maswali yake nimeshaulizwa na wengine pia, wakiwemo walioko vyuo vya nyumbani, kwa hiyo naandika mara moja yaishe.

Hatua ya 1: Pita chumba kwa chumba

Chukua ramani ya mwisho ya msanifu, siyo ile nzuri ya kwenye brosha. Orodhesha kila kinachoweza kubeba jina: jengo zima, kumbi za maonyesho, ngazi kuu, darasa ambamo wanafunzi huletewa picha wazitazame kwa karibu, maabara ya ukarabati wa kazi za sanaa, bustani ya sanamu, hata mabenchi.

Kisha orodhesha visivyo na kuta: cheo cha mkurugenzi, cheo cha mhifadhi, mfuko wa kununua kazi mpya, kiingilio cha bure. Mimi ningeanza na hivi kabla ya ukuta wowote. Fedha za ukuta huishia kwenye saruji, ilhali cheo huwekewa mfuko wa kudumu ambao kwa kawaida hutoa kama asilimia 4 hadi 5 kila mwaka. Dola milioni 2 zikiwekwa hivyo, una dola 80,000 hadi 100,000 za mshahara kila mwaka. Harvard, mkurugenzi wa makumbusho ya sanaa hubeba kabisa jina la Elizabeth na John Moors Cabot kwenye cheo chake.

Jedwali la Excel linatosha. Usikubali kuuziwa programu kwa ajili ya vyumba arobaini. Ila weka safu ya picha kando ya namba ya chumba, kwa sababu wasanifu hubadilisha namba kila wanapotoa toleo jipya la ramani, na ndiyo njia rahisi ya kuwaahidi watu wawili ukumbi mmoja.

Hatua ya 2: Bei

Bei haifuati gharama ya ujenzi. Maabara ya ukarabati ni ghali kuijenga na hakuna mgeni anayeiona. Ukumbi wa mapokezi ni nafasi tupu, lakini kila mtu anapita hapo. Panga bei kwa macho yanayopita. Jumla ya orodha nzima izidi lengo la kampeni kwa kiasi kikubwa, maana vingine havitachukuliwa kabisa.

Kwa jengo zima, vyuo vingi hudai angalau nusu ya fedha zinazotafutwa kwa watu binafsi. Makumbusho ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, yaliyosanifiwa na Zaha Hadid na kufunguliwa 2012, yana jina la Eli na Edythe Broad waliotoa dola milioni 28. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye ununuzi wa kazi za sanaa na uendeshaji. Ng'ang'ania hilo.

Hatua ya 3: Ruhusa

Soma sera ya chuo, jua ni zawadi ya kiasi gani ambayo lazima ipelekwe kwa bodi ya wadhamini. Usimtajie mfadhili chochote kabla.

Hatua ya 4: Mkataba

Hapa usiwe na haraka. Wanasheria wa chuo watakuletea ukurasa mmoja na nusu, na yanayokosekana humo ndiyo yatakayokusumbua.

*Muda.* Ukiandika "milele", au usipoandika kitu, umejifunga. Kila mtu wa kazi hii anaijua habari ya Lincoln Center, kituo cha muziki na maonyesho cha New York. Avery Fisher alitoa dola milioni 10.5 mwaka 1973, na ukumbi ukapewa jina lake. Walipohitaji kuukarabati, ilibidi mwaka 2014 waafikiane kuilipa familia dola milioni 15 ili iachie jina, ndipo tajiri David Geffen akatoa milioni 100 na ukumbi ukaitwa kwa jina lake. Kifungu ninachokipenda husema hivi: "Ukumbi utaitwa kwa jina la mfadhili kwa miaka 25 tangu siku ya kufunguliwa, au hadi utakapobomolewa au kubadilishwa matumizi, lolote litakalotangulia." Mfadhili akinuna, mpe haki ya kuulizwa wa kwanza muda ukiisha. Wengi hukubali.

*Jina ni la nini?* La jengo, au la taasisi? Fogg, makumbusho ya sanaa ya Harvard, ilifunguliwa 1895, ikahamia jengo jingine 1927, na lile la kwanza likaja kubomolewa. Jina lilihama na makumbusho. Jina la kwako litahama? Andika.

*Kuondoa jina.* Chuo cha Tufts kiliondoa jina la Sackler kwenye majengo yake ya tiba Desemba 2019, kwa sababu ya biashara ya OxyContin, dawa ya maumivu inayoleta uraibu, iliyouzwa na kampuni ya ukoo huo. Harvard, jirani yake, mwaka 2024 iliamua kuliacha jina la Arthur M. Sackler kwenye makumbusho yake. Arthur alifariki 1987, na dawa hiyo ilitoka 1996. Ukoo mmoja, majibu mawili. Kwa hiyo kifungu kitaje nani anaamua, kwa kigezo gani, na kwamba fedha hazirudishwi.

*Ahadi isiyolipwa.* Malipo ya miaka mitano ni ya kawaida. Mimi sipandishi herufi ukutani kabla nusu haijaingia benki.

*Masharti juu ya sanaa.* Usiahidi kamwe kuonyesha kazi fulani daima au zote pamoja. Mchoraji Georgia O'Keeffe alikipa Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, mkusanyo wa sanaa wa marehemu mumewe Alfred Stieglitz mwaka 1949 kwa masharti kwamba usiuzwe wala kutenganishwa. Chuo kilipobanwa na fedha kikaishia mahakamani miaka mingi, hadi mwaka 2012 kikauza nusu ya umiliki kwa makumbusho ya Crystal Bridges kwa dola milioni 30.

Hatua ya 5: Kibao

Mfadhili aandike jina mwenyewe na kutia saini: herufi ya katikati, nani atangulie kati ya mume na mke, kama jina la marehemu mzazi linaingia. Usinakili kutoka kwenye hundi. Chagua herufi za kubandika zinazong'oka bila kuchimba plasta, siyo za kuchongwa kwenye jiwe. Louvre mwaka 2019 ilifunika jina la Sackler kwa tepu.

Nakala za mkataba ziwe tatu: ofisi ya sheria, ofisi yako, na faili la jengo. Tarehe ya mwisho wa jina iingie kwenye kalenda ya idara, isibaki kwenye simu yako.