Kupima kichwa cha treni kutoka kwenye picha moja ya zamani

Mimi naunda modeli za Garratt, vichwa vya mvuke vyenye boila katikati ya seti mbili za magurudumu, za daraja la 59 (Class 59), zile za East African Railways (EAR), na sijawahi kushika michoro ya kiwandani. Picha moja nzuri ya ubavuni na rula vinatosha, mradi uisome picha kabla hujakata plastiki.

Anza na namba. Vichwa vya daraja la 59 vilikuwa 34, kuanzia 5901 hadi 5934, vyote kutoka Beyer Peacock ya Manchester, 1955 na 1956, vikapewa majina ya milima. Namba ikisomeka kinyumenyume, negativu iligeuzwa wakati wa kuchapa. Irudishe kwanza, la sivyo mabomba yote yatahamia ubavu usio wake.

Herufi za tangini zinasaidia kukisia mwaka. EAR ni baada ya 1948. KUR ni za Kenya and Uganda Railways, shirika lililotangulia, lakini usikate shauri kwa KUR peke yake, maana vichwa havikupakwa rangi upya vyote siku moja. Kwa daraja la 59 mimi naamini zaidi bomba la moshi. Vilianza na bomba la mviringo la kawaida, baadaye vikafungwa la aina ya Giesl, ambalo kwa mbele ni jembamba na kwa ubavuni ni refu na bapa, kama kiberiti kilichosimamishwa kwa upande wake mwembamba. Modeli yenye rangi mpya ya kiwandani na bomba la Giesl inanikera hadi leo.

Sasa vipimo. Tafuta kitu ambacho ukubwa wake unaujua. Gurudumu la kuendesha la daraja la 59 lina kipenyo cha milimita 1,372. Kwa modeli ya 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko kichwa halisi, gawanya kwa 87: unapata milimita 15.8. Kama kwenye picha gurudumu hilo ni milimita 20, gawanya 15.8 kwa 20, upate 0.79. Kila kitu utakachopima pichani, zidisha kwa 0.79, basi. Pima pale tairi linapokanyaga reli. Ule ukingo wa ndani unaoshuka kando ya reli usiuhesabu. Na usihangaike na sehemu ya kumi ya milimita, tairi la chuma huliwa na reli kadiri linavyotumika.

Picha iliyopigwa kwa mshazari ndiyo inayowatisha watu, wakati dawa yake imo mle mle pichani. Gurudumu ni duara, kwa hiyo likionekana limefinywa, limekupa jibu: kimo chake ndicho kipenyo, na upana wake unaonyesha urefu wa kichwa umefupishwa kiasi gani. Kimo 20 na upana 15 maana yake ni robo tatu. Urefu wowote wa hapo ugawanye kwa 0.75 kwanza. Ila kipimo hicho ni cha hapo tu. Ukisogea nyuma, hamia gurudumu linalofuata upime upya. Garratt ina magurudumu manane ya kuendesha kila ubavu, kwa hiyo hukosi la karibu. Boila na bomba viko ndani kidogo kuliko magurudumu, hivyo vimo vyake hutoka vifupi kidogo kama mpiga picha alisimama karibu.

Rangi usiitoe kwenye picha nyeusi na nyeupe. Filamu za kale zilifanya nyekundu iwe karibu nyeusi na buluu iwe nyeupe, na viwanda vya Uingereza mara nyingi vilipaka kichwa kipya rangi ya kijivu kwa ajili ya picha rasmi tu. Daraja la 59 lilikuwa jekundu la damu ya mzee. Ukifika Nairobi, 5918 Mount Gelai iko Makumbusho ya Reli. Piga picha za riveti na ngazi, maana picha za zamani huzificha kivulini.

Mwisho, njia, yaani nafasi kati ya reli mbili. Hapa ni mita moja, na mita moja ukigawanya kwa 87 ni milimita 11.5, kwa hiyo reli za modeli za milimita 12 zinafaa. Zile za 16.5 zilizozoeleka waachie wenye treni za reli pana. Ukilazimisha, magurudumu yatatokeza mno kwa nje na mitambo haitafungika.