Maumivu ya mgongo ya muda mrefu: pumzika kwa kufuata saa, si kwa kufuata maumivu

Mgonjwa ambaye mgongo umemuuma zaidi ya miezi 3, na daktari amethibitisha hakuna mvunjiko, uvimbe wala maambukizi, usimwambie "tembea mpaka ushindwe". Mpime siku 3: anatembea dakika ngapi kabla maumivu hayajapanda? Ikiwa 8, 12 na 10, wastani ni 10. Aanzie dakika 8, yaani asilimia 80 ya wastani huo, kisha aongeze dakika 1 kila wiki. Muda ukiisha anakaa, hata kama anajisikia vizuri. Hapa ndipo wengi huharibu: siku njema wanafua nguo za wiki nzima, kesho yake hawainuki, na ubongo unazidi kuamini kwamba kujongea ni hatari. Siku mbaya atembee dakika zilezile, polepole, bila kuiruka siku hiyo.