Ndugu aliye Marekani akipata pensheni ya ulemavu: pesa ya SSDI isiliwe kwanza

Habari ikifika Kadutu au Bagira, hapa Bukavu, kwamba ndugu aliye Marekani amelipwa na Social Security, ofisi ya bima ya jamii ya serikali ya huko, malimbikizo ya miezi mingi ya SSDI, yaani bima yake ya ulemavu, familia inaanza kupanga: minervali ya shule ya watoto, mabati ya nyumba. Lakini kama ndugu huyo ni mfanyakazi wa serikali kuu, tuseme posta au hospitali ya wanajeshi wa zamani, na tayari analipwa pensheni ya ulemavu, sehemu kubwa ya pesa hiyo ni ya OPM, ofisi inayolipa pensheni za wafanyakazi wa serikali. Ikiliwa, inageuka deni.

Mfumo wa pensheni wa wengi wao unaitwa FERS. Ili apate pensheni ya ulemavu anatakiwa awe na miezi 18 ya utumishi ndani ya FERS, na ugonjwa au jeraha linalomzuia kufanya kazi yake vizuri, linalotarajiwa kudumu angalau mwaka 1. Wanaoanza posta kama CCA au PSE, yaani wafanyakazi wasio wa kudumu, bado hawamo katika FERS; miezi hiyo haihesabiwi, na hapo wengi wanajikuta wamepungukiwa.

Maombi yanafanywa kwa fomu SF 3107 pamoja na SF 3112, yenye sehemu A hadi E. A anaijaza mwenyewe, B msimamizi wake, C inahusu daktari, D idara inaeleza kama ilijaribu kumrekebishia kazi au kumhamisha. Sehemu ya C ndiyo inayoangusha dosie nyingi: daktari anaandika jina la ugonjwa tu. Aeleze kazi yenyewe: hawezi kusimama zaidi ya dakika ngapi, hawezi kuinua kilo ngapi, na kwa nini. Karatasi za hospitali ya Bukavu zilizo kwa Kifaransa zinaweza kuonyesha ugonjwa ulianza lini. Ugonjwa wa zamani haumfungii mlango, mradi ulimlemea akiwa kazini chini ya FERS. Akiacha au akifukuzwa kazi, ana mwaka 1 tu wa kuomba.

Lazima pia aombe SSDI, bima ya ulemavu ya Social Security, na OPM inataka uthibitisho. Akiliondoa ombi hilo, OPM inafuta ombi lake la pensheni. SSDI ni ngumu zaidi, kwani inauliza kama anaweza kufanya kazi yoyote ya maana, si ile yake tu. Kwa hiyo akikataliwa huko asikate tamaa. Pensheni ya OPM bado inawezekana. Social Security hutoa mkalimani bure, hata wa Kiswahili, basi asitegemee mtoto wa shule kumtafsiria.

Sasa hesabu. OPM inachukua wastani wa mshahara wa msingi wa miaka 3 mfululizo iliyo mikubwa zaidi, bila saa za ziada. Miezi 12 ya kwanza inalipa 60% ya wastani huo, ikikata humo kiasi chote cha SSDI. Baadaye inalipa 40%, ikikata humo 60% ya SSDI. Akifika miaka 62, pensheni inahesabiwa upya.

Tuseme wastani ni dola 60,000 kwa mwaka na SSDI ni dola 1,500 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza stahili ni 3,000 kwa mwezi: OPM 1,500, SSDI 1,500. Baadaye OPM inatoa 2,000 kasoro 900, yaani 1,100. Pamoja na SSDI anapata 2,600.

Shida inaanzia kwenye kuchelewa. SSDI ikikubaliwa baada ya miezi 10, OPM ilikuwa ikimlipa 3,000 zote. Social Security inamwekea 15,000 kwa mpigo, na OPM inamdai 15,000 zilezile. Furaha yote ilikuwa ya pesa ya mwenyewe OPM.

Akiwa pia analipwa fidia ya kuumia kazini na OWCP, ofisi ya serikali ya fidia hiyo, hawezi kupokea zote mbili kwa kipindi kimoja, ila asiache kuomba ya OPM muda wake usipite. Akikataliwa na OPM ana siku 30 za kuomba waangalie upya. Kwa Social Security ni siku 60.

Kwa hiyo mwambieni waziwazi: "Yaya, usitume chochote kwanza." Barua ya kukubaliwa ikifika, nakala iende OPM wiki hiyohiyo, na malimbikizo yakae kwenye akaunti ya pembeni mpaka OPM itume hesabu yake. Kitakachobaki hapo ndicho cha minervali.